Usipime ukurasa kwa kompyuta ya ofisini

Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, wapo akina mama wanaolima mwani na kuutengenezea sabuni. Tuseme kikundi kimoja kinataka ukurasa wa tovuti: picha za bidhaa, bei, na jedwali la maji kupwa na kujaa, ili mgeni anayetaka kuliona shamba asifike wakati kamba za mwani zimeshafunikwa na maji. Fundi atakayepewa kazi hiyo atajiuliza swali la siku nyingi: ukurasa uwe na upana gani?

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu. Vioo vya kompyuta vilikuwa na upana wa pikseli 640, vikaja vya 800, kisha 1024, na mafundi wakahama navyo. Iliyovuruga hesabu ni iPhone ya mwaka 2007. Kivinjari chake kilijifanya kina upana wa pikseli 980, kikauchora ukurasa wa kompyuta mzima mzima na kuufinya uenee kiganjani. Kazi ya kuukuza kwa vidole akaachiwa msomaji. Mei 2010 Ethan Marcotte, mbunifu wa Marekani, akaandika kwamba ukurasa usifungwe kwenye upana mmoja: safu zipimwe kwa asilimia, picha zisizidi nafasi zilizopewa, na mpangilio ubadilike kadiri kioo kinavyopanuka. Njia hiyo ndiyo tunayoifuata hadi leo.

Simu inayotangazwa kuwa na pikseli 1080 kwa upana haikupi nafasi ya 1080. Mara nyingi kivinjari huzigawa kwa 3, ukabakiwa na 360. Anzia hapo, kisha jaribu 320, kipimo ambacho WCAG 2.1, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka maandishi yasomeke kwacho bila kuusukuma ukurasa kushoto na kulia. Na usisahau ule mstari mmoja wa HTML unaoiambia simu itumie upana wake halisi. Ukiukosa, simu hata ya mwaka huu itarudia kujifanya kompyuta.

Kutoka 360, panua dirisha taratibu. Mpangilio unapoanza kuonekana vibaya, badilisha hapo hapo. Usiulize ni simu ya kampuni gani. Matoleo mapya hayaishi kutoka. Mstari ukipita herufi 75 hivi, jicho hupotea njia linaporudi kutafuta mstari unaofuata. Basi ongeza pambizo, au gawa safu mbili.

Kazi ngumu ni jedwali. Tarehe, maji kujaa mara mbili, kupwa mara mbili, na hali ya mwezi: safu sita ndani ya 360, kila moja inapata 60, na tarakimu zinabanana. Wengi huliweka jedwali kwenye kisanduku kinachosukumwa kwa kidole, wengine huvunja kila siku ikawa kadi yake. Mimi naona tuanze na haja ya mgeni. Anataka kujua leo maji yanakupwa saa ngapi, na kama ni bamvu, yaani siku maji yanapokupwa mbali zaidi, maana hapo ndipo shamba linapoonekana vizuri. Saa hiyo iandikwe kwa herufi kubwa juu kabisa, siku saba zifuate chini yake, na mwezi mzima ufunguke kwa kubonyeza mara moja. Kuwanyima wenye simu habari ambazo wenye kompyuta wanazipata ni tabia mbaya, nayo imeenea.

Kisha kuna uzito. Picha ya kamera ya simu yenye upana wa pikseli 4000 inaweza kufika MB 4. Ukiionyesha ndogo, uzito wake haupungui hata chembe: picha sita za sabuni zitakula MB 24 za bando la mteja. Zipunguze hadi 800 kabla ya kuzipandisha. HTML pia inakuruhusu kuorodhesha saizi kadhaa za picha ile ile, kivinjari kikachagua inayokitosha.

Ufukweni kuna jua, kwa hiyo maandishi ya kijivu juu ya nyeupe hayasomeki. Weusi uwe weusi, na vitufe vitoshe kidole chenye maji.

Wapo pia wateja wa viswaswadu, ambao ukurasa huu hawatauona kabisa. Hao watatumiwa namba ya kikundi na jamaa mwenye simu janja, kwa hiyo iandikwe kama maandishi yanayonakilika, isichorwe ndani ya picha ya tangazo.