Nati za Gurudumu Hukazwa kwa Kipimo

Kwenye barabara ya Rongo hadi Homa Bay, na ile kuu inayopita Awendo, Migori hadi Isebania, wenye magari wengi hubadilisha tairi wenyewe kando ya njia. Gurudumu likichomoka gari likiwa mwendoni, abiria na wapita njia wote wamo hatarini. Wengi hudhani kinga ni kukaza nati kwa nguvu zote. Sivyo.

Kwa magari mengi madogo ya Toyota, Probox ikiwemo, nati hukazwa kwa nyutoni-mita 103. Ni kama kuning'iniza mtungi wa lita 20 uliojaa maji kwenye ncha ya spana yenye urefu wa nusu mita iliyolala sawa. Mtu wa kilo 70 akirefusha spana kwa paipu hadi mita moja na kusimama kwenye ncha, anazidisha kipimo hicho zaidi ya mara sita. Boliti hufanya kazi kama springi: ikivutwa kiasi, hushikilia, ikivutwa kupita kiasi, hairudi hali yake, na inaweza kukatika baadaye. Nati iliyolegea nayo huendelea kulegea kila gari linapotikisika.

Spana ya torki huondoa kubahatisha. Mwananchi, soma kwanza kipimo cha gari lako katika kitabu chake, kwa kuwa pikapu na lori hutaka nguvu zaidi. Ondoa matope na kutu kwenye nyuzi za boliti, lakini usipake oili, maana utelezi huo hufanya boliti ivutwe kupita kiasi hata kama kipimo ni sahihi. Funga nati kwa mkono, kisha kwa spana ya kawaida, ukivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, si kwa kuzunguka. Shusha jeki. Weka spana ya torki kwenye namba yako, vuta polepole, na ukisikia “tak!” acha hapo. Kuvuta tena “kwa uhakika” kunaharibu kipimo.

Kagua nati tena baada ya kilomita 80 hadi 100. Anayetoka Migori kwenda Kisumu asimame njiani afanye hivyo.

Spana hii haitumiki kufungulia nati zilizokwama. Ukimaliza, irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa, ili springi iliyo ndani isichoke.