Msamaria, Watoro wa Rabai na Teja wa Mtaani

Tukisikia habari za Msamaria Mwema tunakumbuka huruma yake, tunasahau mfuko wake. Luka sura ya 10 yaeleza kazi yenyewe: alitia majeraha mafuta na divai, akayafunga, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akamuuguza katika nyumba ya wageni. Kesho yake akatoa dinari 2, yaani ujira wa kibarua wa siku 2, akaahidi kulipa kitakachozidi. Tena Wayahudi na Wasamaria hawakuwa wakichangamana.

Sisi wa Pwani tuna mfano wa karibu. Frere Town ya Kengeleni, iliyoanzishwa na misheni ya CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, inajulikana. Rabai haitajwi sana, nami naona funzo lake ni gumu zaidi. Wengi waliokimbilia huko walikuwa watoro, waliotoroka mashambani kwa miguu yao, na kwa sheria ya wakati ule walikuwa mali ya watu. Kuwapokea kulikuwa kujitafutia uadui. William Jones, kasisi Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, alikuwa miongoni mwa waliowahudumia. Mabwana walikuja juu, hadi kampuni ya Imperial British East Africa ikawalipa fidia, na mwanzoni mwa 1889 watoro wapatao 1,400 wa Rabai na misheni za jirani wakapewa hati za uhuru. (Kampuni tusiisifu mno, ilitaka utulivu wa kufanyia biashara.)

Leo mtoro wetu ni teja. Kakuibia sufuria, kauza mpaka mabati ya mamake, na mtaa mzima umemchoka. Kumwombea ni rahisi. Lakini anayetibiwa kwa methadoni hupewa dozi kila siku kliniki, mbele ya mhudumu, Jumapili na sikukuu pia. Akikosa nauli, arosto yamrudisha maskani. Kwa hivyo swali la dinari 2 ni la kila asubuhi: nani atatoa nauli, nani atafuatana naye, nani atamweka chai akirudi?

Jumuiya yetu imegawana zamu kwa kijana mmoja, nyumba moja wiki moja. Ni Mwislamu, na wapo waliouliza kwa nini tusianze na wetu. Mamake hutuletea mahamri. Wiki hii zamu ni yetu: matatu kwenda na kurudi, siku 7.