Kinanda cha kompyuta kisifunike wimbo

Katika makanisa yetu ya Bukavu, toka Kadutu hadi Bagira, vijana wanapiga kinanda kwa programu ya kompyuta, na waamini wanalalamika kwamba sauti ni kubwa mno. Tunaona mara nyingi kosa si ukubwa. Kila noti ina hatua nne: kupanda, kushuka kidogo, kudumu kidole kikibonyeza, na kufifia kidole kikiinuka. Hatua tatu hupimwa kwa muda. Kudumu ni kiwango tu. Kufifia kukichukua sekunde 3, akordi ya kwanza inaingia katika ya pili, na mama mzee aliye nyuma hasikii maneno. Tupunguze hadi nusu sekunde kabla ya kugusa volumu. Kupanda polepole kunafaa wakati wa maombi. Kwenye wimbo wa ngoma kunachelewesha kwaya.