Kima Punju na Kenge wa Komodo

Mwaka 1980 Indonesia ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya kumlinda kenge mkubwa wa Komodo, ambaye urefu wake hufikia mita 3. Kwetu Unguja yuko kima punju. Jozani, maskani yake mashuhuri, ilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004. Wote wawili wamo hatarini, na wote ni wa visiwani: makazi yao yakiharibiwa, hawana bara ya kukimbilia.

Lakini kenge huogopwa kwa meno na sumu yake. Punju hana silaha. Baadhi yao huishi nje ya hifadhi, mashambani na kando ya barabara ambako magari huwagonga. Hivyo twasema: madereva wapunguze mwendo, na serikali imfidie mkulima ambaye mazao yake humlisha mnyama huyu.