Foleni, Magendo na Ruksa

Oktoba 1973, vita vya Israeli na majirani zake wa Kiarabu vikiendelea Sinai na Golan, nchi za Kiarabu zinazochimba mafuta zilipunguza uzalishaji na kuwanyima mafuta marafiki wa Israeli. Kufikia mwanzo wa 1974 bei ya pipa ilikuwa imepanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu 12. Madereva wa Marekani walipanga foleni kwenye vituo vya petroli kwa miezi kadhaa. Tanzania, iliyoagiza nje mafuta yake yote, iliandamwa na athari za bei hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, na foleni zake zikawa za sukari, sabuni na unga.

Bei ya mafuta peke yake isingeifikisha nchi huko. Miaka hiyo hiyo ukame ulikausha mashamba, serikali ikaagiza nafaka kutoka nje kwa fedha za kigeni ilizokuwa nazo kidogo. Humo yalikuwemo mahindi ya njano, na wananchi hawakukawia kuuita unga wake yanga, kwa rangi ya jezi za Yanga, klabu ya soka ya Jangwani. Wakati huo huo mamilioni ya wakulima walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wengi wao kwa nguvu, wakiacha mashamba waliyoyazoea. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka na Kenya ukafungwa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kupeleka askari mstari wa mbele, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaharibiwa vibaya. Kampala ilianguka Aprili 1979, lakini vita hivyo hukadiriwa kuigharimu Tanzania dola milioni 500. Askari walikuwa hawajarudi wote nyumbani mapinduzi ya Iran yalipoipandisha tena bei ya mafuta.

Mwananchi wa kawaida aliyaona yote hayo dukani.

Tuchukue kipande cha sabuni. Kiwanda kipo, wafanyakazi wapo, lakini baadhi ya malighafi na vipuri hutoka nje na hununuliwa kwa dola. Dola hutoka kwenye kahawa, pamba na katani. Katani, iliyozidi tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960, ilishuka chini ya tani 50,000 kufikia katikati ya miaka ya 1980, kwa kuwa soko la dunia lilikuwa limehamia kwenye kamba za plastiki na mashamba yenyewe yalikuwa yamechoka. Mkulima wa pamba naye, akilipwa bei ndogo na kwa kuchelewa, na hata akilipwa haoni cha kununua, alipunguza shamba au akapanda chakula chake. Bila pamba dola hazipatikani, na bila dola kiwanda kinasimama. Kufikia 1983 viwanda vingi vilikuwa vikifanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake.

Ndiyo maana akina mama waliamka alfajiri kwenda duka la ushirika, wakaweka jiwe au kikapu kushika nafasi, wakasubiri gari ambalo huenda lisije. Wengi walifulia gwanji, sabuni iliyotengenezwa mitaani. Aliyetaka soda na bia za harusi alihangaikia kibali. Na bidhaa iliyokosekana dukani ilipatikana uchochoroni kwa mlanguzi, kwa bei mara kadhaa ya ile iliyotangazwa.

Mshahara haukuweza kuifuata bei hiyo. Thamani yake halisi ilishuka kwa zaidi ya nusu, na hapo mabadiliko makubwa yakaanza kimyakimya majumbani. Karani alifuga kuku uani, mwalimu akafundisha masomo ya ziada jioni, mkewe akakaanga maandazi na kucheza upato na majirani. Hata maprofesa wa Chuo Kikuu, Mlimani, walifuga. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam kilichokuwa kikiitwa kipato cha pembeni ndicho kilicholisha watoto, na mara nyingi kilitoka mikononi mwa mama.

Serikali ilikuwa njia panda. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ishushwe thamani na matumizi yapunguzwe. Edwin Mtei, Waziri wa Fedha, aliona hakuna njia nyingine. Rais, Mwalimu Nyerere, alikataa, na mwishoni mwa 1979 Mtei akajiuzulu. Nyerere alikuwa na hoja nzito: nani amelipa shirika hilo mamlaka ya kuzipangia nchi maskini siasa zao? Hoja hiyo ingali hai. Lakini haikuleta sabuni dukani.

Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, vilizinduliwa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Maghala yalipekuliwa, maelfu wakakamatwa, wengine wakatupa bidhaa vichakani usiku kwa hofu. Wananchi walimpenda Sokoine kwa uadilifu wake, na kifo chake cha ajali huko Dakawa, Aprili 12, 1984, kiliwaliza wengi. Hata hivyo msako ulifukuza pia kile kidogo kilichokuwa kikipatikana. Mwaka huo huo wa 1983 serikali iliyokuwa ikiwasaka walanguzi iliruhusu mabasi ya watu binafsi Dar es Salaam, maana UDA, shirika la umma la mabasi ya jiji, lilikuwa limeelemewa. Bajeti ya 1984 ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi.

Ali Hassan Mwinyi aliapishwa kuwa Rais Novemba 1985, akasaini mkataba na lile lile Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na watu wakamwita Mzee Ruksa. Dola iliyokuwa shilingi 17 mwanzoni mwa mwaka huo ilikuwa imepita 190 mwaka 1990.

Februari 1991, chama tawala kilikutana Zanzibar na kulegeza miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha. Tangu 1967 kiongozi alikatazwa kuwa na mishahara miwili, nyumba za kupangisha au hisa katika makampuni. Sasa aliruhusiwa. Uamuzi huo uliwashtua waliouamini ujamaa, lakini katika familia nyingi, zikiwemo za viongozi wenyewe, miradi ya pembeni ilikuwa na umri wa miaka kumi. Chama kilihalalisha maisha ambayo uhaba ulikuwa umeshayaanzisha.

Ila ruksa haikumfikia kila mtu kwa namna moja. Mwenye mtaji au ndugu ughaibuni alipata lori, duka au kontena la mitumba. Asiye na kitu alikuta huduma alizozoea kuzipata bure zina bei: shuleni wazazi walitozwa ada na michango, na kuanzia 1993 wagonjwa wakachangia gharama hospitali za serikali. Nchi iliyojivunia kupeleka shuleni karibu watoto wote mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilishuhudia uandikishaji ukirudi nyuma, na ada ya shule za msingi haikufutwa hadi 2001. Watoto walioachishwa masomo katika miaka hiyo kwa kukosa ada sasa ni watu wazima, na wengi wao hawakurudi darasani tena.