Mgodi wa ndani ya kompyuta: ukweli wake unatoka kwako



Safari hii ukurasa wetu wa usalama na afya unazungumza juu ya jambo ambalo wengi wamelisikia bila kuelezwa vizuri: dunia ya picha. Ni dunia iliyotengenezwa ndani ya kompyuta. Mtu anavaa miwani mikubwa yenye kufunika macho, ao anasimama mbele ya kioo kikubwa, naye anaona njia, mashine, mawe na watu kana kwamba yupo mahali pale. Akigeuza kichwa, picha nayo inageuka. Akisogea mbele, mahali pale panamfungukia.

Kampani nyingi za ulimwengu zinatumia kitu hiki, si kwa mchezo tu, bali kwa kutunza habari za kazi na kupashana. Waalimu wa vyuo vikuu wamekichunguza kwa miaka mingi. Wanauliza: je, habari zikiwekwa katika picha ambayo mtu anaweza kuingia ndani yake, kazi inakwenda vizuri kuliko zikiandikwa kwenye karatasi? Sisi wa migodini tunaongeza swali letu, maana kwetu habari ya uongo inaua: picha hiyo inapata wapi ukweli wake?

ILIANZA NA NDEGE ISIYORUKA

Kujifunza hatari mahali pasipo hatari si jambo jipya. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, ambaye jamaa yake walikuwa na kiwanda cha kutengeneza piano na vinanda, alitengeneza ndege ndogo ya mbao isiyoruka. Ilikaa chumbani, ikayumbishwa kwa hewa ya mivukuto kama ile ya vinanda. Mwanafunzi alifunikwa ndani yake, haoni nje, anasoma tu saa zenye kuonyesha mwendo na urefu.

Watu waliicheka. Lakini mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kupeleka barua kwa ndege, na marubani wakafa mmoja baada ya mwingine kwa sababu ya giza na hali mbaya ya hewa. Ndipo jeshi likanunua vyombo sita vya Link. Leo marubani wa ndege kubwa za abiria wanajifunza kwanza katika chombo kilichosimama chini.

MAOFISI NDANI YA PICHA

Mwaka 2003 kampani Linden Lab ya San Francisco ilifungua dunia ya picha yenye jina Second Life. Kila aliyetaka aliingia kwa kompyuta yake, akapewa mwili wa picha, akatembea na kusema na wengine. Kampani kubwa zikakimbilia humo. Mwaka 2006 Reuters, watangazaji wa habari, walifungua ofisi, na American Apparel, wauzaji wa nguo, wakafungua duka. Duka lilifungwa mwaka 2007, na ofisi ile nayo haikudumu. Watu walipita, wakatazama, wakaenda zao.

Lakini wengine walipata faida. Mwaka 2008 IBM ilifanya humo mkutano wa wataalamu wake zaidi ya 200, kila mmoja akiwa kwao, bila tiketi ya ndege wala hoteli. Na mwaka mmoja mbele yake, mwezi wa Septemba 2007, wafanyakazi wa IBM wa Italia waliingia katika dunia ileile na mabango yao, wakidai malipo ya nyongeza waliyoondolewa.

Hapa tunapata funzo la kwanza. Uzuri wa picha peke yake haukuleta kitu. Ilifaa pale watu wenye neno la kweli walipoingia na neno lao.

MGODI WA PICHA

Katika migodi, picha hii ina kazi kubwa zaidi. Kila tundu linalotobolewa na mashine ya kupima linaleta habari: kina chake, aina ya jiwe, kiasi cha shaba. Kompyuta inaunganisha habari hizo zote na kuchora mahali mawe yenye shaba yalipo, pamoja na galeri, nguzo na mahali pa maji. Migodi mingine inaongeza habari zinazoletwa na vyombo vya kupimia hewa, joto na mtikisiko wa mawe, na kuonyesha kila kamyo ilipo. Hivyo injenieri anaweza kuutazama mgodi mzima bila kutoka ofisini. Picha imekuwa daftari la kampani.

Tena inatumika kwa kufundisha. Huko Australia, katika jimbo la New South Wales, watu wa kuokoa wachimbaji walishirikiana na chuo kikuu cha jimbo hilo kutengeneza vyumba vyenye kioo cha mviringo. Ekipi inasimama katikati, na mgodi unawazunguka pande zote. Wanaonyeshwa moshi ukija, ao jiwe la juu likianza kupasuka. Lazima waamue pamoja: tupite njia gani? Nani apige simu? Nani ahesabu watu? Makosa yao yanaonekana, kisha yanazungumzwa, na hakuna mjane.

Hiyo ni faida ambayo hatuwezi kuidharau. Lakini tufahamu mpaka wake. Ndani ya picha vumbi haliingii kifuani, joto halichoshi, na mtu akifa anaamka na kuanza tena. Chini ya udongo hakuna kuanza tena. Kijana aliyeshinda mara kumi mbele ya kioo asidhani ya kwamba amelishinda jiwe.

MWILI NAO UNA MANENO YAKE

Sisi watu wa dispansere tunaulizwa: miwani hiyo inaleta ugonjwa? Kwa watu wengi hailetei ugonjwa wa kudumu, ila inaweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, maumivu ya kichwa na macho kuchoka. Sababu yake ni hii. Ndani ya sikio kuna kiungo kidogo chenye kupima mwendo na usawa wa mwili. Macho yanaambia ubongo: tunakwenda mbio. Sikio linajibu: hapana, tumesimama. Ubongo unapokea habari mbili zinazopingana, na tumbo linachafuka. Ni jamaa ya ugonjwa unaoshika watu ndani ya mtumbwi ao kamyo.

Ukisikia hivyo, usijikaze kiume. Mwambie mwalimu, vua miwani, kaa chini, tazama kitu kisichosogea. Usiendeshe moto wala mashine mpaka kichwa kitulie. Mwenye kifafa aseme kabla ya kuvaa. Na kwa kuwa miwani moja inavaliwa na watu wengi, ipanguswe kwa dawa kila inapotoka usoni kwa mmoja, kwa maana magonjwa ya macho na ya ngozi yanapenda vyombo vya shirika.

Kizunguzungu kinapita baada ya kupumzika. Hatari kubwa zaidi ya dunia ya picha ni nyingine: kuamini picha wakati macho ya mtu yanaona jambo tofauti.

RAMANI ILIYODANGANYA

Tarehe 14 Novemba 1996, katika mgodi wa makaa wa Gretley, huko New South Wales, ekipi ilikuwa ikichimba kwa mashine. Ramani ilionyesha ya kwamba mgodi wa zamani wa jirani, ulioachwa na kujaa maji, uko mbali zaidi ya metre 100. Ramani haikuwa ya kweli. Mashine ikatoboa ukuta mwembamba, maji yakaingia kwa nguvu, na wafanyakazi wanne wakafa.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha neno la kuumiza moyo. Siku chache kabla ya ajali, mkubwa mmoja wa posti alikuwa ameandika katika raporo yake ya kwamba maji yanatoka kwenye uso wa makaa. Neno lilikuwa limeandikwa. Halikufuatwa, kwa sababu ramani ilisema maji yako mbali.

Miaka sita baadaye jambo la namna hiyo lilitokea Marekani. Tarehe 24 Julai 2002, katika mgodi wa Quecreek, jimbo la Pennsylvania, wachimbaji walitoboa na kuingia katika mgodi wa zamani uliojaa maji. Ramani waliyopewa haikuonyesha kazi ya mwisho iliyofanywa humo. Ramani ya mwisho ilipatikana baadaye, imewekwa katika nyumba ya makumbusho ya makaa.

Wale waliotoboa walifanya jambo moja la akili katika dakika za kwanza: walipiga simu kwa wenzao wa upande mwingine. Kwa neno hilo watu tisa walikimbia na kutoka wazima. Tisa waliopiga simu ndio waliofungiwa na maji. Waokoaji walitoboa tundu la kuwapelekea hewa ya moto, kisha tundu kubwa, na baada ya saa zaidi ya 77 wakawatoa wote tisa wazima, mmoja mmoja, katika chombo chembamba cha chuma. Tangu hapo jimbo la Pennsylvania likashika kazi kubwa ya kukusanya ramani za zamani na kuzitia katika kompyuta.

Tazameni vema. Ramani ile ya uongo ingetiwa katika miwani ya bei kubwa kabisa, ingebaki ya uongo. Tena ingekuwa mbaya zaidi, kwa maana karatasi mtu anaitilia shaka, lakini ukuta uliouona kwa macho yako ndani ya picha unauamini.

HAPA KWETU

Katanga yetu imechimbwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Kuna mashimo ambayo wazee walichimba na watoto wao hawayajui. Mgodi wa Kipushi ulisimamishwa mwaka 1993. Mwaka 2011 pampu kubwa ya chini iliharibika na maji yakapanda. Ilikuwa kazi ya miaka kuyatoa, na mwaka 2024 mgodi ukaanza tena kutoa zinki. Maji hayasahau njia, hata watu wakisahau.

Tena kuna mashimo ya wachimbaji wa mkono. Tangu mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, watu walichimba kobalti hata ndani ya viwanja vya nyumba zao. Mwezi wa Juni 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliwaangukia wachimbaji wa mkono, na zaidi ya 40 walikufa. Mashimo ya namna hiyo, nani ameyachora? Kompyuta haiwezi kukisia shimo ambalo hakuna aliyeliambia. Mzee aliyefanya kazi huko zamani, mama anayeona ufa mpya nyuma ya jiko, mtoto anayejua mahali wenzake wanapoingilia chini: hao wana habari ambayo mgodi wa picha hauna.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Ukiona maji mahali palipokuwa pakavu, ufa mpya, ao ukisikia jiwe likilia, simama na umwambie shefu wako palepale. Usingoje mwisho wa posti.

2. Sema mahali kamili na saa. "Kule mbele kuna maji" haiwezi kuchorwa. "Galeri fulani, upande wa kushoto, hatua kumi kutoka nguzo fulani, saa nane" inachorwa.

3. Wewe shefu, raporo ikipingana na ramani, usiiweke mezani. Ondoa watu kwanza, kisha pelekeni mtu wa kupima. Ramani ikiwa ya kweli, tumepoteza saa chache. Ikiwa ya uongo, tumeokoa jamaa nzima.

4. Ekipi inayotoka ieleze ekipi inayoingia kwa mdomo. Kioo kisichukue mahali pa salamu.

5. Wazee wastaafu wenye karatasi ao kumbukumbu za kazi za zamani wazilete. Karatasi moja iliyoliwa na mende sandukuni inaweza kuwa ukuta kati ya watu na maji.

6. Akina mama na vijana, ufa ao shimo jipya karibu na nyumba si siri ya jirani. Zuieni watoto, na mwite wakubwa.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi tuongeze ya kwamba ufa usiosemwa hauzibiki. Injenieri ana kompyuta yake, nasi tuna macho, masikio na mdomo. Siku utakapoingizwa katika mgodi wa picha, usitazame uzuri wake tu. Tafuta mahali unapofanya kazi kila siku, na uulize: hiki nilichokiona jana, mbona hakimo?

Kisha sema, mpaka kiandikwe.