Ngozi ya Dhahabu

Bangili iliyochovywa dhahabu huanza kujifedhehi penye ukingo, pale inaposuguana na nyingine mkononi, na mwenye nayo, akiisha kuuona wekundu wa shaba chini ya ule unjano alioununua kwa fahari, aghalabu huitia sandukuni pamoja na mikufu iliyokatika na herini zilizopoteza wenzi, huku akijiliwaza kwamba dhahabu ni dhahabu hata ikiwa haba, na kwamba iko siku mtu mwenye tindikali ataitoa. Dhana hiyo si batili, maana kazi hiyo hufanyika kweli. Walakini iko hesabu ya kufanywa kabla ya kufungua chupa, na hesabu hiyo wengi huikimbia.

Tuchukue bangili ambayo uso wake, ndani na nje, ni sentimita za mraba 20, nayo imechovywa utando wenye unene wa nusu ya maikroni, yaani nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Dhahabu ni nzito, sentimita moja ya ujazo ikifika gramu 19.3, lakini uzito huo haufui dafu mbele ya wembamba wa utando: bangili nzima ina takriban miligramu 19, na mtu atahitaji zaidi ya hamsini apate gramu moja. Mambo ni mengine kwa pambo la ganda, ambalo halikuchovywa majini bali lilivikwa bamba la dhahabu likabanwa juu ya shaba njano kwa moto na shinikizo. Hilo likipigwa muhuri wa 1/20 14K, maana yake sehemu moja katika ishirini ya uzito wake ni dhahabu ya karati 14. Basi gramu 100 za mapambo hayo zina gramu 5 za ganda, na ndani ya ganda gramu 2.9 za dhahabu safi. Ndiyo maana fundi mjuzi hushika kioo cha kukuzia asome muhuri kabla hajashika chochote kingine.

Akiridhika na hesabu, huondoa vito, springi za chuma na viungo vilivyolehemiwa kwa bati, kwa kuwa bati likiingia katika tindikali hugeuka uji mweupe unaoziba kila chujio. Kisha hutia mapambo katika tindikali ya nitriki, ambayo hula shaba, zinki na fedha, ilhali dhahabu haiigusi. Maji hugeuka rangi ya mrututu, na juu yake huelea ngozi tupu za dhahabu, nyepesi kama maganda ya vitunguu, baadhi yake zikiwa bado na umbo la pete ambayo haipo tena.

Ngozi hizo bado zina mchanganyiko, na kuzisafisha kwataka maji ya kifalme, yaani sehemu tatu za tindikali ya hidrokloriki kwa moja ya nitriki. Kila moja peke yake haiwezi dhahabu. Zikishirikiana, ya nitriki huibandua chembe, na kloridi ya mwenziwe huidaka kabla haijarudi. Mwaka 1940, majeshi ya Wajerumani yalipoingia Copenhagen, mkemia George de Hevesy aliziyeyusha kwa maji hayo nishani mbili za Nobel, za Max von Laue na James Franck, zilizokuwa zimehifadhiwa katika taasisi ya Niels Bohr, kwani kutoa dhahabu nje ya Ujerumani kulikuwa jinai kubwa na majina ya wenyewe yalikuwa yamechongwa juu yake. Chupa ilikaa rafuni hadi vita vikaisha, dhahabu ikatolewa tena majini, na nishani zikafuliwa upya.

Namna ya kuitoa majini ni kuiondoa kwanza nitriki iliyobaki, kisha kutia sodiamu metabisulfaiti, na hapo hutuama unga wa kahawia usio na mng'ao wowote, ambao asiyejua angeumwaga akidhani ni matope. Ukioshwa, ukakaushwa na kuyeyushwa katika joto la nyuzi 1064, ndipo unjano hurejea.

Kwa rai yangu mwenye bangili tatu asithubutu. Tindikali ya nitriki ikila shaba hutoa moshi wa hudhurungi unaounguza mapafu, na hadaa yake ni kwamba aliyeuvuta huweza kujiona mzima jioni, akazidiwa usiku. Kazi hii yataka dohani ivutayo hewa, glavu na miwani. Jiko la nyumbani halifai hata kidogo.

Yasalia yale maji ya mrututu, ambayo ni sumu na hayafai mtaroni. Fundi muungwana hutumbukiza humo vipande vya chuma chakavu, kisha hukata ukali wa maji kwa magadi kabla ya kuyapeleka panapopokelewa taka za sumu. Na kabla ya magadi, ile shaba iliyoyeyuka hutoka majini ikakivika chuma utando mwekundu mwembamba, kama yenyewe ilivyovikwa dhahabu.